Walioniweka Mwisho

Langas, Eldoret
3 Machi 2025

Ndugu yangu Mabonga,

Usishangae kupata karatasi kwa mkono wa dada yako katika zama hizi. Tangu ile siku niliyokutumia ujumbe wa sauti nikimsema katibu wetu Musimbi na suti yake ya kuazima, kumbe nimeitupa kwenye grupu la chama, simu siiamini tena. Barua hii nimempa Perez wa kwaya, anakuja Nairobi kumwona bintiye. Nimeifunga kwa gundi ya unga kwa sababu Perez ni mtu wa Mungu lakini ana macho.

Nina shida. Unaijua ploti ya chama chetu cha kufaana na kuzikana, ile ya karibu na kinu cha posho kinachosaga mahindi, ambako niko na kituo cha watoto. Baba alikuwa miongoni mwa waliochanga ikanunuliwa, na nafasi yake kwenye daftari la wanachama sasa ina jina lako. Ukumbi wa mabati unaanguka na chama kimeamua ni lazima ploti ifanyiwe jambo moja la kudumu. Mapendekezo ni matatu. Wafanyabiashara, Bethwel mwenye duka la vifaa vya ujenzi akiwa mbele, wanataka nyumba za kupanga. Wazee wanataka iuzwe tununue shamba kule Soy liwe la makaburi, kwa wale wetu waliozaliwa huku na hawana boma la kurudishwa Bungoma wala Siaya. Sisi akina mama tunataka kituo kijengwe vizuri kibaki.

Katiba yetu unaikumbuka. Tunapiga kura kwa miguu, kila mtu anasimama kwenye mstari wa anachokitaka, na kwa kuwa ua una pande mbili tu, upande wa jikoni na upande wa choo, hoja zinapambanishwa mbili kwanza, kisha inayoshinda inapambana na iliyobaki. Mwenyekiti ndiye anayepanga nini kianze. Mwenyekiti bado ni Mzee Javan Ogola. Mkutano ni Jumapili ya mwisho ya mwezi.

Mabonga, nikipoteza chumba kile narudi kufua nguo za watu Kapsoya. Mimi nitavumilia. Lakini watoto wa vibarua wataachwa na nani? Brigid huwa ananiletea watoto wake wawili kabla jua halijatoka akielekea kiwandani. Wewe unasomea mambo ya kura huko chuoni. Niambie nitazame wapi, kwa sababu naona watu wananong'ona na nikipita wananisalimu kwa heshima nyingi mno.

Dada yako,
Nanyama

*

Nairobi
8 Machi 2025

Dada mpendwa,

Perez amefika, na gundi yako ilikuwa salama. Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu, halafu nikaacha kucheka.

Unaniuliza utazame wapi. Hilo ndilo swali la tasnifu yangu yote, basi vumilia nikueleze kidogo. Kwa muda mrefu wachumi waliandika kana kwamba mtu akiwa sokoni ni mchoyo, lakini mtu yule yule akipewa ofisi ya umma anageuka malaika. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa Mswidi mmoja aliliona kosa hilo. Alisema msiishauri serikali kama mnamshauri mfalme mwema, tazameni kwanza jinsi maamuzi yanavyopitishwa. Kitabu chake kilikaa kwenye rafu mpaka baada ya vita vya pili vya dunia, kijana mmoja wa Kimarekani akakikuta maktabani Chicago. Miaka ya sitini mwanzoni, yeye na mwenzake, wakiwa Virginia, waliandika kitabu kilichowatazama wabunge, mawaziri na makarani kwa jicho lile lile tunalomtazamia muuza nyanya. Hapo ndipo nadharia ya chaguo la umma ilipopata nguvu. Wengi waliichukia, wakasema inawafundisha watu dharau.

Kuna pia Mskochi mmoja, katika miaka ya vita hivyo, aliyekaa zamu ya kuchungulia moto wa mabomu kwenye ngome ya zamani huku akiwaza habari za kamati. Kamati, dada! Sisi tunalala kwenye mikutano, yeye alikuwa anauliza kwa nini kamati moja, yenye watu wale wale, inaweza kuamua mambo tofauti. Jibu moja ni kwamba anayepanga nani akutane na nani kwanza anaweza kuwa na nguvu kuliko wote wanaosimama kwenye mstari.

Kwa hiyo usisikilize mtu anasema nini. Uliza anapata nini. Hasa yule anayepanga.

Nitakuandikia tena. Wasalimie watoto.

Mdogo wako,
Mabonga

*

Langas
15 Machi 2025

Mabonga,

Nimeuliza kila mmoja anapata nini, na sasa silali.

Bethwel atauza saruji na mabati, hilo hata kipofu anaona. Musimbi ana shemeji dalali wa mashamba Soy. Nilimtolea macho kanisani mpaka akabadilisha benchi. Mzee Ogola ndiye aliyeniumiza. Mkwewe Lawrence ni fundi wa nyumba. Mtu niliyekuwa namwita baba! Tulipokimbia ghasia za Burnt Forest na magodoro kichwani ni yeye aliyetufungulia ukumbi tukalala. Sasa namtazama akigawa chai na ninajiuliza ni kikombe gani amekitia sumu.

Ajenda imebandikwa mlangoni. Makaburi na nyumba za kupanga vinaanza. Hoja itakayoshinda itakutana na kituo. Yaani nimewekwa mwisho, baada ya matanga, baada ya michango, baada ya chai na mandazi. Unajua mikutano yetu. Watu wakishakula wanakumbuka ng'ombe wao. Hoja ya mwisho husikilizwa na anayefagia. Nilimwambia Mzee ana kwa ana kwamba nimeiona hiyo njama. Akasema tu, "Mama, kaa na watu wako, mambo yatakwenda." Akaingia ndani. Mtu asiye na la kuficha haingii ndani haraka hivyo.

Halafu Aluoch, binti yake anayenisaidia kituoni, ametamka jambo bila kujua. Anasema baba yake alikuwa anaongea kwa simu na "Mabonga wa Nairobi", na wakaongea mpaka chai ikapoa. Mlikuwa mnaongea nini? Hukuniambia katika barua yako. Nijibu hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Nanyama

*

Nairobi
20 Machi 2025

Dada,

Nilimpigia Mzee kumpa pole kwa goti linalomuuma. Hakuna zaidi.

Habari ya ajenda, nakusihi usiiguse. Usipinge, usiandike, usiwachochee akina mama. Waambie tu wasiondoke mapema, wakae mpaka hoja ya mwisho. Najua nimekufundisha kushuku, lakini safari hii nyamaza. Siwezi kueleza kwenye karatasi. Niamini.

Mabonga

*

Langas
31 Machi 2025

Mabonga,

Umesema nikuamini. Hukujua barua yako ilipofika nilimuuliza Aluoch kama baba yake anaumwa goti. Aliniambia baba yake hajawahi kuumwa goti maishani.

Basi nikajua. Ndugu yangu wa tumbo moja ananiambia ninyamaze mbele ya mtu anayenizika, na ananidanganya habari ya goti. Nikajiuliza wewe unapata nini. Jina kwenye daftari ni lako, nyumba zikijengwa fungu la kodi ni lako. Nililia, kisha nikanawa uso nikaenda mkutanoni nikiwa nimemaliza na wewe.

Sasa sikia yaliyotokea jana, kwa sababu bado wewe ni mwanachama.

Mzee aliposimama kusoma utaratibu nilisimama pia. Nilisema wazi kwamba mwenyekiti ametuweka mwisho ili tusisikike. Nikataja mkwe wake Lawrence. Nikasema mtu huyu ametuuza. Halafu akina mama wakaanza kupiga makofi, na wazee nao wakaguna, maana hata wao walikuwa na yao moyoni. Nikadai kituo kianze, kipambanishwe na makaburi hapo hapo watu wakiwa bado na njaa.

Mzee alivua miwani. Akaniuliza, "Mama Nanyama, una hakika hivyo ndivyo unavyotaka?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena, polepole, kana kwamba ananiomba. Nikamwambia asinitishe. Alimgeukia Musimbi akamwambia abadilishe.

Tukaenda uani. Kituo upande wa jikoni, makaburi upande wa choo. Mabonga, wafanyabiashara wote walikwenda kwa wazee. Bethwel mwenyewe alisimama kwenye mstari wa makaburi, mtu ambaye hajawahi hata kwenda kuchimba kaburi la jirani! Alijua kituo kikiondoka mapema njia yake ni nyeupe. Tukashindwa.

Kisha ikawa makaburi na nyumba za kupanga. Na hapa ndipo ninapoona aibu. Akina mama wangu walitazamana. Hakuna anayetaka ploti ya Langas iuzwe iwe makaburi ya Soy, afadhali nyumba, labda hata tutapanga chumba. Wakahamia mstari wa Bethwel. Na mimi nikawafuata. Nilisimama kwa miguu yangu nikapiga kura ya kubomoa kituo changu.

Wanabomoa baada ya Pasaka. Mzee Ogola alijiuzulu jana hiyo hiyo. Hakujitetea hata kwa neno moja. Alichukua kofia yake akaenda, na watu wakasema kunyamaza kwake ni kukiri.

Sijui kama umepata ulichotaka. Usiniite dada kwa sasa.

Nanyama

*

Langas
2 Aprili 2025

Kwa Bwana Mabonga Wangila,

Salamu nyingi. Mimi si mtu wa kuandika barua ndefu, lakini Aluoch amesema dada yako hapokei simu zako na zangu pia hapokei.

Uliniomba nipange kituo mwisho na nisimwambie mtu, hata yeye. Uliniambia akijua, uso wake utasema, na watu watasema dada mjane na ndugu yake msomi wamepanga njama. Nikakupa neno langu. Siku ile amesimama kunishtaki mbele ya watu nimekumbuka neno hilo. Nimemuuliza mara mbili, sikuwa na ruhusa ya kuuliza zaidi.

Sijakuandikia kulaumu. Nataka tu uniondolee ile ahadi. Watu wanapita mbele ya nyumba yangu hawaingii. Hilo nalibeba. Lakini Lawrence amenyimwa kibarua pale Kimumu kwa sababu ya jina langu, na ana watoto. Mkwe wangu hakuwahi kuahidiwa kazi ya ile ploti na mimi wala na mtu yeyote.

Na dada yako usimkasirikie. Mtu akiambiwa kuna nyoka ndani ya nyumba, atapiga hata kamba.

Wako,
Javan Ogola

*

Nairobi
6 Aprili 2025

Dada Nanyama,

Umesema nisikuite dada. Nakuita, ukitaka uichane barua hapa.

Ndani ya bahasha hii nimetia barua ya Mzee Ogola. Isome kwanza.

Sasa na mimi niseme. Nilidanganya habari ya goti. Nilimpigia kumwomba akuweke mwisho. Nilikuwa nimekaa na majina ya wanachama nikayagawa mafungu matatu. Wafanyabiashara wanapenda nyumba, wakikosa nyumba afadhali makaburi, ili wauze saruji ya makaburi huko Soy, lakini kituo hawakitaki kabisa. Akina mama wanapenda kituo, wakikikosa afadhali nyumba. Wazee wanapenda makaburi, wakiyakosa afadhali kituo, maana ni wajukuu wao. Tazama basi. Nyumba zinayashinda makaburi. Makaburi yanakishinda kituo. Na kituo kinazishinda nyumba. Hakuna mshindi wa kweli, ni kuzunguka tu. Mfaransa mmoja aliliona hilo kabla ya mapinduzi ya kwao. Kwa chama chetu maana yake ni moja: hoja inayongoja mwisho ndiyo inayoshinda, kwa sababu adui yake amekwisha kuondolewa na wengine. Kama ungebaki ulipowekwa, nyumba zingeyaondoa makaburi, halafu wazee wangekuja wote upande wa jikoni kusimama na wewe.

Nilikufundisha kwamba anayepanga ana nguvu. Sikukufundisha mwisho ni mahali pazuri. Ningeandika sentensi moja tu, na kituo kingekuwepo.

Utaniuliza kwa nini sikuandika. Nilijiambia ni kwa ajili ya siri. Lakini nimekuwa nikiwaza usiku na mchana, na kuna lingine. Tasnifu yangu haina mfano hai. Msimamizi wangu ananisumbua kila mwezi, anasema ninaandika habari za watu waliokufa tu. Nilitaka kuona mambo yakienda kama yalivyoandikwa, bila wahusika kujua. Ningekwambia, ingekuwa njama ya ndugu wawili. Nisingekwambia, ingekuwa ushahidi, na sura nzima ya kitabu. Hiyo ndiyo faida niliyokuwa naitafuta, wala si kodi ya nyumba. Nilikutumia, dada. Naona aibu kuliandika lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nimemwandikia Mzee kwamba amefunguliwa ahadi yake. Nitakuja Pasaka. Nitamtembelea kimya kimya nimwombe msamaha. Nakuomba tusilitoe jambo hili nje. Likijulikana, Bethwel atasema kituo kilitaka kuiba kura, na wewe utafukuzwa chamani pamoja na mimi. Nani atakuzika?

Mabonga

*

Langas
12 Aprili 2025

Mabonga, mdogo wangu,

Nimeisoma barua ya Mzee mara nyingi, yako mara moja.

Nilikwenda kwake Jumatano. Nilikaa nje getini kwanza, nikashindwa kubisha, Aluoch ndiye aliyenivuta mkono. Nilitaka kupiga magoti akanikataza, akasema sakafu yake ni baridi. Alikuwa anamenya viazi. Nikachukua kisu nikamsaidia mpaka sufuria ikajaa.

Nikamuuliza yeye mwenyewe alitaka nini, yeye kama Javan. Hilo hukuwahi kumuuliza, ulimtia tu kwenye fungu la wazee ukapiga hesabu. Alizaliwa kambi ya vibarua kwenye shamba la mzungu, huko huko Soy. Siaya hana hata hatua moja ya ardhi. Mama Adero, mke wake, amelala makaburi ya umma, na pembeni yake wamekwisha kuzikwa wengine pande zote. Wazo la shamba la makaburi lilikuwa lake, Mabonga. Ni yeye aliyelileta chamani miaka mingi iliyopita na kulipigania mpaka likafika kwenye kura. Ulipompigia simu ulimwomba apange hoja yake ishindwe, na akapanga.

Nikamuuliza kwa nini alikubali. Akanijibu, "Mimi nitazikwa tu, hata kama ni na serikali ya kaunti. Brigid atawaacha wale watoto wapi Jumatatu?" Halafu akaniuliza kama viazi vinatosha.

Nilishindwa kula. Nilitoka pale nikiwa na hasira na wewe, na hasira na mimi zaidi. Wewe ulinitia shaka, lakini ni mimi niliyeilisha. Nilimwona mtu aliyetufungulia mlango tukiwa hatuna pa kulala nikamwita muuzaji.

Kesho chama kinakutana kuchagua mwenyekiti mpya. Bethwel anagombea na hana mpinzani. Nitasimama kabla ya sala ya kufungua, kabla ya jambo lolote kusomwa, na nitasema yote. Nitasema Mzee Ogola hakutuuza, na nitasema ni nani alimwomba anyamaze. Jina lako nitalitaja. Nitasema pia kwamba Lawrence nilimsingizia, ili wasikie huko Kimumu. Wakitaka kutufuta mimi na wewe kwenye daftari la baba, wafute. Kituo najua hakitarudi. Brigid na wengine wachache nitawapokelea watoto chumbani kwangu mpaka mwenye nyumba atakaponitoa.

Najua ungepiga simu usiku huu kunizuia, na una maneno mazuri, pengine ningekusikiliza. Kwa hiyo barua hii nimempa Brigid, ataituma Jumatatu akitoka kazini. Ukiifungua nitakuwa nimeshasema.

Njoo Pasaka. Usiende kwa Mzee kimya kimya. Nenda mchana, watu wakuone ukiingia.

Dada yako,
Nanyama